Ile bendera nyekundu yenye msalaba wa nyota kule Marekani: kwa nini bado wanaipandisha?

Mchungulia Ramani

Wakuu, habari za saa hizi.

Nauliza kuhusu ile bendera nyekundu yenye msalaba wa buluu na nyota nyeupe. Inaonekana nyuma ya pikapu, kwenye vibaraza vya nyumba, kwenye stika za magari, na tarehe 6 Januari 2021 kuna mtu aliingia nayo mpaka ndani ya jengo la Bunge la Marekani. Ninavyoelewa ni ya upande ulioshindwa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865.

1. Walishindwa zaidi ya miaka 160 iliyopita. Imekuwaje bendera yao iko juu mpaka leo?
2. Wanaoipandisha wanasema "ni urithi, si chuki". Hapo kuna ukweli kiasi gani?
3. Mbona ipo hata West Virginia na Pennsylvania, majimbo yaliyopigana dhidi yake?
4. Kwa nini serikali isipige marufuku yakaisha?

Naomba majibu yenye tarehe na vitu vya kushikika. Lile jibu la "ni wabaguzi tu, basi" nimeshalisoma mara mia.

---

Nyuzi na Milingoti

Mkuu, kabla ya "kwa nini" tuulizane "ipi", maana nusu ya ubishi kuhusu jambo hili ni watu wanaozungumzia vitambaa tofauti kwa jina moja.

Majimbo ya Kusini yaliyojitenga na Marekani yalikuwa na bendera tatu za taifa, moja baada ya nyingine. Hiyo unayoiona kwenye pikapu haimo.

Ya kwanza ilipandishwa Montgomery, Alabama, tarehe 4 Machi 1861: mistari mitatu mipana ya ulalo, nyekundu, nyeupe, nyekundu, na kona ya buluu yenye nyota saba zilizopangwa duara. Kasoro yake ilijitokeza tarehe 21 Julai mwaka huohuo kwenye mapigano ya Manassas. Upepo hafifu, vumbi na moshi, bendera zimelala kwenye milingoti. Ukiwa mbali, kitambaa chenye mistari myekundu na myeupe na kona ya buluu ni cha Marekani au cha waasi? Jenerali Beauregard wa Kusini aliona kikosi kikija ubavuni mwake akashindwa kujua ni watu wake au ni adui.

Baada ya siku hiyo akataka bendera ya vita, yaani ya kutambuana uwanjani tu. Mchoro ulikuwa wa William Porcher Miles, mbunge wa South Carolina. Alishaupeleka awali uwe bendera ya taifa ukakataliwa. Kuna mbunge aliyesema unafanana na mikanda ya mabegani ya kushikilia suruali. Kabla ya hapo Miles alikuwa amechora msalaba wa kusimama wima. Charles Moise, Myahudi wa Kusini, akamwandikia akiomba alama ya dini moja isigeuzwe alama ya taifa, ndipo Miles akaulaza msalaba mshazari. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema huo ni msalaba wa Mtakatifu Andrea uliochaguliwa kwa imani, jua hadithi hiyo imekuja baadaye.

Vipimo vya jeshi la Northern Virginia, lile la Jenerali Lee: mraba, si mstatili. Askari wa miguu inchi 48 kila upande (kama sm 122), mizinga inchi 36 (sm 91), wapanda farasi inchi 30 (sm 76). Uwanja mwekundu, msalaba wa buluu wenye ukingo mweupe mwembamba, nyota tatu kwenye kila mkono na moja katikati, jumla 13. Toleo la kwanza, la hariri, liligawiwa Novemba 1861 likiwa na nyota 12 na katikati patupu. Wekundu wake ulielekea waridi, kwa sababu hariri nyekundu ya kutosha haikupatikana. Hariri haikuhimili mvua na jua, hivyo 1862 wakahamia kitambaa cha sufu.

Nyota 13 huwachanganya watu, kwa kuwa majimbo yaliyojitenga yalikuwa 11. Mbili za ziada ni Kentucky na Missouri. Huko serikali halali hazikujitenga. Ni makundi ya waliotaka kujitenga yaliyokutana kando na kupokelewa na Kusini.

Bendera ya pili ya taifa, 1 Mei 1863, ilichukua hiyo ya vita ikaiweka kwenye kona ya juu upande wa mlingoti, sehemu nyingine yote ikawa nyeupe tupu. Ikilala bila upepo unaona weupe peke yake, kama watu wanaosalimu amri. Tarehe 4 Machi 1865 wakashona utepe mwekundu wa wima upande wa mwisho ili kuondoa mkosi huo. Tarehe 9 Aprili Lee akasalimu amri kweli, huko Appomattox.

Hii ya leo, mstatili wa futi 3 kwa 5 wa nailoni au poliesta, ina mchoro wa jeshi la Lee na umbo linalokaribia bendera ya meli zao za kivita na ya jeshi la Tennessee la 1864. Futi 3 kwa 5 ni saizi ya kawaida ya bendera za nyumbani Marekani, ndiyo maana viwanda vinaikata hivyo.

Ukiona picha, soma mambo haya kabla ya kusema lolote:

- Umbo. Mraba wenye ukingo kwa kawaida ni makumbusho, kaburi au watu wanaoigiza mapigano ya kale. Mstatili wa nailoni ni wa dukani.
- Mlingoti ni wa nani? Wa serikali, wa mtu binafsi, au wa gari? Kisheria hilo ndilo swali la kwanza, wengine watakueleza.
- Imewekwa pamoja na nini? Vibendera vidogo kwenye makaburi ya askari siku yao ya kumbukumbu ni jambo moja. Bendera hiyohiyo mbele ya kanisa la Weusi au kwenye maandamano ya kupinga sheria fulani ni jambo lingine.
- Imewekwa lini? Hili ndilo linalosema mengi kuliko yote.

---

Kalamu ya Zamu

Naendelea alipoishia mkuu: lini.

Watu hudhani bendera hii imepepea mfululizo tangu 1865. Haikuwa hivyo. Lee mwenyewe, alipoombwa mwaka 1869 asaidie kuweka alama za kumbukumbu kwenye uwanja wa mapigano wa Gettysburg, alijibu kwamba ni busara zaidi kutoviacha wazi vidonda vya vita na kufuata mataifa yaliyojitahidi kufuta alama za ugomvi wa ndani. Kwa miongo kadhaa ilibaki zaidi kuwa kitambaa cha wazee wa vita: mazishi, mikutano yao, uzinduzi wa sanamu. Vyama vyao ndivyo vilivyoishika. Maaskari wastaafu waliungana 1889, mabinti zao wakaanzisha chama 1894, wana wao 1896. Hao mabinti ndio waliofanya kazi kubwa kuliko wote, kwa kuchangisha fedha za sanamu na kukagua vitabu vya shule ili watoto wafundishwe kwamba vita vilikuwa vya heshima na utumwa haukuwa kiini chake.

Sasa angalia ilivyoingia serikalini:

1894, Mississippi inaiweka kwenye kona ya bendera ya jimbo. Miaka minne kabla, 1890, jimbo hilohilo lilitunga katiba mpya yenye kodi ya kura na mtihani wa kusoma, na Weusi wakaondolewa kwenye daftari la wapiga kura.

1948, Wademokrati wa Kusini wanajitoa kwenye chama chao kwa hasira ya ajenda ya haki za kiraia ya Rais Truman. Wanakutana Birmingham, wanamteua Strom Thurmond agombee urais, na bendera hii inapeperushwa ukumbini. Hapa ndipo ilipotoka kaburini ikaingia kwenye siasa za kila siku.

1956, Georgia inabadilisha bendera ya jimbo na kuijaza msalaba huo theluthi mbili ya kitambaa. Ni miaka miwili baada ya Mahakama ya Juu kuamua mwaka 1954 kwamba kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha Katiba.

1961, South Carolina inaipandisha kwenye jengo la bunge la jimbo kwa maadhimisho ya miaka 100 ya vita. Mwaka 1962 bunge linapitisha azimio ibaki, bila kuweka tarehe ya kuishusha. Sherehe zikaisha 1965, kitambaa kikabaki juu ya kuba mpaka 2000.

1963, Gavana George Wallace anaipandisha juu ya jengo la serikali ya Alabama siku Robert Kennedy, Mwanasheria Mkuu wa Marekani, alipokuja kuzungumzia kuingizwa kwa wanafunzi Weusi chuo kikuu.

Tarehe hizi hazisemi kila mwenye stika ana nia gani. Zinasema serikali za majimbo zilikuwa zikijibu nini zilipoiinua, na jibu hilo lina anwani: mahakama, haki za kiraia, kura.

Jambo moja ambalo wengi wetu hukosea: Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, ile ya miaka ya 1920, iliandamana Washington mwaka 1925 ikiwa na bendera za Marekani, si hizi. Waliichukua kwa wingi baadaye. Kwa hiyo ukimwambia mtetezi wa bendera kwamba "tangu mwanzo ni ya Klan", anakushika kwenye kosa hilo moja na mjadala unaishia hapo.

Swali la 2 lina sehemu mbili. Vita vilikuwa vya nini, na anayeipandisha leo anamaanisha nini.

Sehemu ya kwanza haina utata, kwa sababu waliojitenga waliandika. Tamko la Mississippi la 1861 linasema msimamo wao umefungamana kabisa na utumwa, wanaouita maslahi makubwa kuliko yote ya mali duniani. Alexander Stephens, makamu wa rais wao, alisema Savannah tarehe 21 Machi 1861 kwamba jiwe la pembeni la serikali yao mpya ni ukweli mkuu kwamba mtu mweusi si sawa na mzungu. Mhariri William T. Thompson wa Savannah, aliyeipigia debe ile bendera nyeupe ya 1863, aliandika kwamba weupe wake ungewakilisha ukuu wa mzungu.

Utasikia pia hoja ya "haki za majimbo". Soma tamko la South Carolina la Desemba 1860 uone linalalamikia nini: majimbo ya Kaskazini yamekataa kuwarudisha watumwa waliotoroka. Yaani lawama ni kwamba Kaskazini ilitumia haki zake za jimbo. Halafu katiba yao wenyewe ikalikataza bunge lao kutunga sheria yoyote ya kugusa umiliki wa watumwa.

Sehemu ya pili ina rangi nyingi, na hapa nawaomba tusiwatie wote kapu moja. Yupo anayekumbuka babu wa babu yake aliyekufa Virginia. Yupo ambaye kwake ni alama ya "mimi ni wa Kusini, wa shamba, msinipangie", iliyoingia kupitia muziki, pikipiki na mashindano ya magari miaka ya 1970 na 1980. Yupo anayeipandisha kwa sababu ameambiwa asiipandishe. Na yupo anayetaka jirani yake mweusi aione. Kitambaa hakina mahali pa kuandika "mimi ni yule wa kwanza".

Ndiyo maana ipo West Virginia. Jimbo hilo lilizaliwa 1863 kwa kujitoa Virginia na kubaki na Marekani, ingawa wapo watu wake waliopigania Kusini. Kwa hiyo hoja ya urithi wa jimbo hapo ni dhaifu. Kinachosikika zaidi ni ile maana ya uasi wa mtu wa kijijini dhidi ya watu wa mjini. Pennsylvania ni vilevile. Gettysburg iko huko, na maduka ya zawadi pia.

---

Mzee wa Hoja

Ndugu Kalamu, nakubaliana na tarehe zako, ila umewapitia askari haraka mno. Askari wengi wa Kusini hawakuwa na mtumwa hata mmoja. Mkulima wa mahindi milimani alikuwa anapigania nini? Kama kitukuu wake anaweka bendera kaburini, mimi sioni kosa.

---

Kalamu ya Zamu

Mzee, kaburini hata mimi sina neno.

Kuhusu umiliki, hesabu hiyo ina mtego. Ukihesabu watu mmoja mmoja, wenye watumwa ni wachache, kwa sababu mali iliandikwa jina la mkuu wa kaya. Kijana wa miaka 20 aliyekulia kwenye nyumba yenye watumwa kumi anahesabiwa "hana". Ukihesabu kwa kaya, sensa ya 1860 inaonyesha kwamba kwenye majimbo 11 yaliyojitenga karibu kaya 3 kati ya 10 zilimiliki watumwa. Mississippi na South Carolina ni karibu nusu. Na asiyekuwa nao alikodi, aliajiriwa kuwasimamia, au aliwauzia chakula wenye mashamba ya pamba.

Lakini mkulima wako wa milimani yupo kweli, na ndiye anayeharibu hoja ya urithi. Tennessee ya mashariki ilipinga kujitenga. Wazungu wa Kusini waliovaa sare ya Marekani walikuwa makumi ya maelfu; kila jimbo lililojitenga, isipokuwa South Carolina, lilitoa angalau batalioni moja ya wazungu upande wa Rais Lincoln wa Marekani. Vitukuu vyao nao ni watu wa Kusini.

Halafu hesabu nyingine. Mwaka 1860 zaidi ya nusu ya wakazi wa South Carolina walikuwa watumwa, na Mississippi vilevile. Mtu akisema "hii ni bendera ya wazee wetu wa South Carolina", wengi wa wazee wa South Carolina ndio walioshikiliwa chini yake. Ni urithi, sawa, lakini wa upande mmoja wa ua.

---

Sheria Kidogo

Swali la 4 ni langu.

Kupiga marufuku moja kwa moja haiwezekani Marekani. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yanaizuia serikali kuadhibu maoni, na bendera huhesabiwa kuwa maoni. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ilisema hata kuichoma bendera ya Marekani kunalindwa. Ukishalinda uchomaji wa ile, huwezi kukataza upepeaji wa hii. Kinachoadhibiwa ni vitisho kwa mtu mahususi: mwaka 2003 Mahakama iliruhusu jimbo kuadhibu uchomaji wa msalaba, lakini kwa sharti kwamba nia ya kutisha ithibitishwe.

Watu wengi hawajui kwamba kinga hiyo ni dhidi ya serikali pekee. Kwa hiyo ulizia mlingoti ni wa nani, kama Nyuzi na Milingoti alivyosema:

Uwanja wa nyumba yako: ruksa. Lakini kama nyumba iko chini ya chama cha wenye nyumba na ulisaini masharti yao, chama kinaweza kukuzuia. Sheria ya Marekani ya 2005 inayovibana vyama hivyo inalinda bendera ya Marekani tu. Mpangaji naye asome mkataba.

Ardhi binafsi kando ya barabara kuu: ruksa, mradi kanuni za mipango miji kuhusu urefu wa mlingoti zimefuatwa. Ndiyo siri ya zile bendera kubwa kupita kiasi zinazoonekana ukiwa kwenye gari, kama ile iliyopandishwa 2008 karibu na makutano ya barabara kuu za I-4 na I-75 nje ya Tampa, Florida. Kipande kidogo cha ardhi kinanunuliwa, kibali cha mlingoti kinapatikana, na halmashauri haina cha kufanya kuhusu kitakachotundikwa.

Kazini kwa mwajiri binafsi, dukani, uwanjani: mwenye mali anaamua. Walmart, Amazon na eBay waliacha kuiuza Juni 2015. NASCAR, waandaaji wa mashindano ya magari, waliikataza kwenye viwanja vyao tarehe 10 Juni 2020.

Shule ya umma: kuna kesi ya 1969 inayosema mwanafunzi haachi haki zake getini, lakini shule inaweza kuzuia kinachotarajiwa kuvuruga masomo. Shule yenye historia ya mapigano ya rangi hushinda kesi za fulana. Isiyoweza kuonyesha dalili yoyote ya vurugu huwa pabaya.

Pleti namba za magari: jimbo la Texas lilikataa muundo wenye bendera hii, likashtakiwa, likashinda kwa kura 5 dhidi ya 4 tarehe 18 Juni 2015. Mahakama ilisema pleti ni kauli ya serikali, na serikali haiwezi kulazimishwa kusema isichotaka.

Kuna pia ujanja wa kupita pembeni. Chuo Kikuu cha Mississippi, ambacho mashabiki wake wa mpira waliipeperusha kwa maelfu, hakikuikataza. Mwaka 1997 kilikataza vijiti uwanjani, kwa sababu za usalama. Kanuni hiyo haigusi maoni ya mtu, na bendera bila kijiti ni kitambaa cha kushika mkononi. Zikapungua.

Kwenye majengo ya serikali ndipo mambo hukwama, na hukwama kwa sababu za kiufundi ambazo kwa mbali zinaonekana kama ukaidi. South Carolina mwaka 2000 ilifanya mapatano: bendera itoke juu ya kuba, ishuke kwenye mlingoti wa futi 30 karibu na sanamu ya askari mbele ya jengo, na kuigusa tena kuhitaji theluthi mbili ya kila baraza la bunge. Tarehe 17 Juni 2015 muuaji mzungu aliwaua Weusi tisa kanisani Charleston, South Carolina. Bendera ya Marekani na ya jimbo zikashushwa nusu mlingoti. Hii ikabaki juu kabisa, kwa kuwa sheria haikumpa mtu yeyote mamlaka ya kuisogeza. Tarehe 27 Juni Bree Newsome akaupanda mlingoti akaishusha. Akakamatwa, na ndani ya saa moja ikawa imerudishwa. Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 94 kwa 20, gavana Nikki Haley akasaini tarehe 9 Julai, ikashuka tarehe 10 kuelekea makumbusho.

Linganisha na Alabama. Gavana Bentley alitoa amri tarehe 24 Juni 2015, zikaondolewa asubuhi hiyo. Hapakuwa na sheria iliyozifunga. Jambo lilelile, mwezi uleule, tofauti ni karatasi iliyosainiwa miaka 15 kabla.

Mississippi ndiyo kichekesho. Mwaka 2000 mahakama ya juu ya jimbo iligundua kwamba sheria zilipokusanywa upya 1906, ile ya bendera ya 1894 haikuingizwa, na hivyo kufutika. Karibu miaka 94 jimbo lilipandisha bendera isiyo rasmi. Wakapiga kura ya wananchi Aprili 2001. Asilimia kama 64 wakaitaka ileile. Ikaondoka kwa kura ya bunge tarehe 28 Juni 2020, 91 kwa 23 na 37 kwa 14, baada ya wakuu wa michezo ya vyuo kusema mashindano makubwa hayataletwa Mississippi. Novemba mwaka huo wananchi wakapitisha yenye ua la magnolia.

---

Mchungulia Ramani

Nashukuru sana wakuu, hapa nimeshiba. Mawili ya mwisho. Afrika Kusini waliwezaje kuizuia ile yao ya zamani kama Marekani haiwezekani? Na Georgia, ile ya 1956 bado ipo?

---

Sheria Kidogo

Afrika Kusini katiba ni nyingine. Kuna sheria ya usawa ya mwaka 2000 inayotambua kauli ya chuki, na Agosti 2019 Jaji Mojapelo, kwenye kesi ya Nelson Mandela Foundation, aliamua kwamba kuionyesha ile bendera ya zamani, ya 1928, bila sababu ya msingi ni kauli ya chuki na ubaguzi. Kazi halisi ya sanaa, uandishi wa habari na elimu zimeachwa nje. Kwa hiyo ukiikuta makumbusho au kwenye kitabu hakuna kesi. Kumbuka pia muuaji wa Charleston alipigwa picha akiwa na koti lenye bendera hiyo ya Afrika Kusini na ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), kwa hiyo alama hizi husafiri.

---

Nyuzi na Milingoti

Georgia nakuachia kazi ya macho. Ile ya 1956 iliondolewa 2001. Gavana Roy Barnes aliyeiondoa akashindwa uchaguzi wa 2002. Mwaka 2003 wakaja na mpya, na kura ya wananchi ya 2004 ikaithibitisha. Ile ya msalaba haikuwekwa kabisa kwenye karatasi ya kura. Tafuta picha ya bendera ya Georgia ya sasa: mistari mitatu, nyekundu, nyeupe, nyekundu, kona ya buluu, nyota 13 zimezunguka nembo ya jimbo. Kisha rudi juu usome maelezo yangu ya bendera ya kwanza ya taifa lao, ya Machi 1861.

Toa nembo katikati, na mtu asiyejua hawezi kuzitofautisha. Inapepea kwenye kila ofisi ya jimbo, na ni wachache wanaoilalamikia, kwa sababu ni wachache wanaoitambua.